Kolari Amposa Kolari

Ukitaka mkokoteni wa ng'ombe pale Bariadi, usinunue popote kabla hujafika kwa Benedikta. Kibanda chake kiko nyuma ya maghala ya pamba na hakina kibao. Kibao cha nini, wakati magurudumu ya chuma yamejaa mpaka barabarani na nyundo inasikika hadi kwa muuza chipsi? Utamkuta humo ndani, kofia ya kuchomelea ameisukuma juu ya kilemba, anamfokea mtu aliyerundika magunia kupita kiasi, akavunja ekseli, halafu akaja kulalamika kwamba chuma kilikuwa kibovu. Wateja wanamwogopa kweli kweli, na kila msimu wa pamba wanamrudia.

Jina lake kamili ni Benedikta Mahona Kolari. Mahona ni marehemu baba yake. Hilo la Kolari ndilo lililoleta kasheshe.

Lilianza hivi. Kabla ya Uhuru, misheni moja upande wa Lingeka ilikuwa na bruda, mtawa wa Kizungu, fundi seremala, aliyeitwa Kolari. Bruda huyo alimfundisha kazi kijana mmoja aliyeitwa Mboje, ambaye ndiye babu yake Benedikta. Alimfundisha kuchonga gurudumu la mninga na kupachika spoku zake, kisha kuwasha moto wa mavi makavu ya ng'ombe kuzunguka pete ya chuma mpaka iwe nyekundu. Pete ikishaiva inavishwa gurudumu, na hapo hapo mtu mwenye ndoo anamwaga maji haraka kabla mbao hazijashika moto. Chuma kikipoa kinabana, na gurudumu zima linalia. Watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali kuja kusikiliza kilio hicho tu, kisha wanarudi makwao wameridhika.

Bruda alipoondoka, Mboje alibaki na vifaa, na watu hawakuona sababu ya kuhangaika na jina jingine. Mtengeneza magurudumu wa jana alikuwa Kolari, wa leo aitwe nani? Wasukuma hawana uchoyo wa majina. Mboje akawa Kolari mpaka kwenye vyeti vya ubatizo vya watoto wake.

Kisha wakaongezeka. Kukawa na akina Kolari wa Lingeka, akina Kolari wa Bariadi, akina Kolari wa Mwamanyili kule Busega. Wakikutana msibani wanaitana ndugu, wanakaa jamvi moja, wanasengenyana kama ndugu wa kweli wanavyosengenyana. Hakuna aliyewahi kuuliza nani ametoka tumbo gani.

Mpaka Lucy alipompenda Fredrick.

Lucy ni binti pekee wa Benedikta. Alizaliwa nyumbani. Baba yake alikuwa dereva wa lori la pamba aliyeondoka na lori lake, hakuleta hata mkia wa ng'ombe, kwa hiyo kimila mtoto akawa wa ukoo wa mama, Kolari kamili. Benedikta alimlea kwa nyundo na cheche, akamfundisha kazi, na moyoni akajiwekea neno moja: mimi sikuposwa na mtu, lakini huyu ataposwa mchana kweupe, ng'ombe wakionekana na majirani.

Fredrick ni fundi simu karibu na stendi. Alikuja kuagiza kizimba cha chuma cha kuzuia wezi dukani kwake. Kizimba kikaisha, kikachukuliwa, kikafungwa, na Fredrick akaendelea kuja kuuliza habari za kizimba. Benedikta si mjinga. Alimpenda kijana, maana alisalimia vizuri na alikuwa anabeba vyuma bila kuombwa. Siku moja akamuuliza, kwa kumtania, "Wewe kijana, ukoo wenu nani huko Mwamanyili?"

"Kolari, mama. Mimi ni mjukuu wa mzee Mayige."

Benedikta akazima mashine.

Habari ilifika kwa Athanasi kabla ugali wa jioni haujaiva. Athanasi ni baba mdogo wa Benedikta, mtoto wa mwisho wa Mboje, karani wa pamba mstaafu, mtu wa suti siku za Jumapili. Tangu Mahona afariki, yeye ndiye mwenye kauli ya ukoo hapo Bariadi. Alikuja kibandani na fimbo yake, akakataa kiti.

"Kolari haoi Kolari," alisema. "Mayige ni kaka yangu. Mtoto wa kwanza wa baba. Aliniogesha mimi, alinibeba mgongoni. Leo mjukuu wake amuoe mjukuu wa Mahona? Hao ni ndugu, Benedikta. Unataka tuzae laana?"

"Lakini baba..."

"Hakuna lakini."

Na kweli, hapakuwa na lakini. Mwiko wa kuoana ndani ya ukoo hata vijana wanaovaa miwani ya jua usiku wanauheshimu. Lucy hakulia, ila akaanza kuunga vyuma vibaya. Akatengeneza mkokoteni uliokwenda upande, mteja akaurudisha akisema ng'ombe wake wamekuwa wanazunguka shamba. Benedikta aliona uchungu wa mwanawe, akauona na wa kwake wa zamani umeamka pembeni yake.

Fredrick ndiye aliyekuja na simu. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna mbwa.

"Shikamoo mama. Naomba uone kitu. Nimelitafuta jina letu."

"Marahaba. Lina nini?"

"Si la hapa, ni la yule bruda. Wazee wake walitoka kwa Waslavi, huko Slovenia. Na Kroatia wapo, na Serbia wapo, na kwa Wacheki nako wamejaa. Maana yake ni mtengeneza magurudumu. Wapoland wanaye wa kwao, Kolodziej. Waukraine wanasema Kolisnyk. Kazi ni ile ile."

Benedikta akavua glavu, akashika simu kwa ncha za vidole. "Wako wangapi?"

"Maelfu kwa maelfu, mama. Ni kama akina Masanja hapa kwetu."

"Na wote ni wa babu mmoja?"

"Hapana. Zamani kila kijiji kilikuwa na fundi wake wa magurudumu, na kila fundi akaitwa hivyo hivyo. Hawajuani."

"Wanaoana?"

"Bila shida."

"Na magurudumu wanatengeneza?"

Fredrick akasita. "Sidhani. Huyu hapa ni daktari wa meno."

"Jina zuri namna hii, halafu ling'oe meno!" Benedikta alikasirika kwa niaba ya Mboje, kisha akacheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu wazo lilikuwa limemshika. Kama kule watu walipata jina kwa kushika nyundo, bila damu, je, Mayige? Kila mtu alijua kuwa Mayige ndiye aliyekuwa akishika ndoo ya maji kwa Mboje. Kila mtu alijua Mboje alikuwa akimwita mwanangu wa kwanza. Lakini mama yake Mayige alikuwa nani? Benedikta alitafuta kichwani, hakupata hata jina.

Kesho yake alipanda basi kwenda Mwamanyili.

Alimkuta mzee Mayige uani, anachonga mpini wa jembe.

"Mwangaluka, baba," Benedikta alimsalimia kwa Kisukuma, akipiga goti.

"Mwangaluka, mayu, mama yangu! Umekuja kunikagua kama bado nina meno?" Mzee alifurahi, akaita chai, akauliza magurudumu mangapi ameuza mwaka huu, akatukana matairi ya kisasa yanayotobolewa na miba. Walicheka pamoja hadi Benedikta alipouliza alilokuja kuuliza. Alijitahidi kuliuliza taratibu. Swali la namna hiyo halina utaratibu.

Mzee aliendelea kuchonga kwa muda. Mpini ukawa mwembamba kupita kiasi.

"Nikisema Mboje hakunizaa, watoto wanaoana?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nabaki nani?"

Mzee akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na mfuko wa michembe, vile viazi vikavu vya kwao, akampa. Hata ukimkasirikia mtoto, humrudishi mikono mitupu. Njia nzima ya kurudi Benedikta aliukumbatia mfuko ule kifuani na kujiona mwizi.

Athanasi alikubali kikao kimoja tu, tena kwa kusikiliza, si kwa kukubali. Mabenchi yakapangwa kwake uwanjani, wenyeji huku, wageni kule. Upande wa kijana ulikuja na mshenga wao Marcelo, mtu wa maneno matamu. Mzee Mayige alikuja amevaa koti zito kwenye jua lile, na kama ilivyokuwa siku zote kwenye vikao vya akina Kolari, alichukua kigoda akaketi kwa wenyeji, bega kwa bega na Athanasi.

Marcelo akasema yake. Athanasi akarudia yale yale: Kolari haoi Kolari. Ndipo Mayige aliposimama.

"Athanasi, mdogo wangu," alisema. "Mboje hakunizaa."

Akafungua vifungo vya koti, akaendelea.

"Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige, ndiyo maana nikaitwa Mayige. Baba yangu alikuwa mchunga ng'ombe wa watu, upande wa Maswa. Yeye na mama walikufa mapema. Siku moja nikaona mkokoteni unapita umebeba viazi, nikaufuata kwa sababu ya viazi. Mwenye mkokoteni akageuka, akaniambia, panda. Kesho yake akaniambia, shika ndoo. Watoto wa pale walipouliza mimi ni wa nani, akawafokea: katika uwanja huu hakuna mtoto wa kuokota, huyu ni wangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hata waliojua walikufa nalo, kwa kumheshimu. Na mimi nimelikalia maisha yangu yote, kwa sababu lilikuwa tamu. Leo nalitoa. Watoto waoane."

Akainama, akachukua kigoda chake, akavuka uwanja polepole, akaketi upande wa wageni.

Benedikta alilia. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakikuwa na ladha yoyote. Athanasi aliitazama nafasi tupu kando yake. "Basi, waoane," alisema mwishowe, akaingia ndani bila kuaga. Mzee Mayige hakula.

Wiki zikapita, pamba ikauzwa, na ng'ombe wa mahari wakaletwa. Walikuwa wazuri. Majirani walitoka wakasimama mlangoni kama Benedikta alivyokuwa akiota, na Lucy akawa anapita pita akijifanya ana kazi nyingi. Mzee Mayige alikuja nao, akasimama nje ya ua na fimbo, mkwe kati ya wakwe. Athanasi akaanza kugawa, maana kimila ng'ombe wa binti hawaliwi na mtu mmoja, kila mzee wa upande wa binti ana fungu lake. Huyu wa shangazi, huyu wa mjomba, hawa wa Benedikta. Akafika kwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe, mnono kuliko wote. Akamshika pembe.

"Huyu ni wa kaka yangu, Mayige."

Marcelo mshenga akaruka kama aliyekanyaga moto. "Mzee! Huyo ni upande wetu! Mtu hali mahari aliyoileta mwenyewe!"

"Fredrick," Athanasi alisema, bila kumjali. "Hebu waambie na hawa ulichomwonyesha Benedikta: jina letu maana yake nini?"

"Mtengeneza magurudumu, baba."

"Mmesikia? Mimi nimepima pamba maisha yangu yote. Nani hapa ameona gurudumu langu? Hata la toroli! Aliyeshika ndoo ni huyu. Tumeambiwa kwa damu hayumo. Sawa, ndiyo maana watoto wanaoana. Kwa kazi yumo kuliko mimi. Na baba alisema uwanjani kwake hakuna mtoto wa kuokota. Mimi ni nani nimbishie?" Hapo akapandisha sauti kwa ukali. "Tena nimejaribu kuwa mkubwa wa ukoo wiki hizi. Sikupenda. Kaka, njoo uchukue ng'ombe wako, jua ni kali!"

Watu wakapasuka kwa kicheko na vigelegele kwa pamoja. Mzee Mayige hakusogea. Benedikta ndiye aliyemwendea, akamshika mkono, akamwingiza uani. Mzee akaipokea kamba kwa mikono miwili. "Wabeja," alisema kwa Athanasi, asante hiyo moja tu.

Jioni Benedikta na Lucy walisaidia kumpandisha mtamba kwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo kalikokodiwa kurudi Mwamanyili. Mzee alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma na ng'ombe wake. Dereva, kijana mgeni wa mambo yale, alikuna kichwa.

"Mzee, nimeambiwa mlikuja kutoa mahari. Mbona mnarudi na ng'ombe?"

"Tumetoa. Huyu ni wa babu wa binti."

"Sasa babu wa binti yuko wapi, nimpigie simu aje ampokee?"

Mzee Mayige akajipigapiga kifuani.

"Si mimi hapa?" alisema. "Washa gari, twende nyumbani."