Mshale Kwenye Kompyuta ya Mama

Mama anauza vitenge na mashuka kwa jumla Kariakoo, na mimi nipo naye dukani tangu nilipomaliza chuo. Mimi ndiye ninayefungua makufuli asubuhi, ninayepanga majora, ninayejua mteja wa Songea anapenda rangi zipi na wa Mtwara zipi. Mdogo wangu wa kiume yuko Maskati, anafanya kazi ya kompyuta. Kabla hajaondoka aliweka kwenye kompyuta ya mpakato ya duka programu ya kuingilia kwa mbali. Akiwa kwake huko, anaiona skrini yetu na kuiendesha kana kwamba amekaa kwenye kiti cha mama.

Kila asubuhi aliingia kupanga hesabu za mauzo. Mshale ulianza kutembea wenyewe kwenye skrini, na mama alisahau kila kitu.

"Huyo! Mwanangu huyo kaja!"

Alivuta kiti, akatengeneza mtandio wake, akaanza kuusalimia mshale. Mteja angeweza kusimama hapo na pesa mkononi. Angeambiwa tu aje kwangu. Nilikuwa naweka chai pembeni yake naye hageuki. Niliuonea wivu mshale. Najua ni jambo la kuchekesha, lakini lilikuwa linaniuma kweli. Mimi nilibeba majora mpaka mgongo ukakaza, na sijawahi kusikia mama akimwambia mtu, "Mwanangu huyo kaja," kwa ajili yangu.

Kisha siku moja mshale haukuja. Kesho yake pia haukuja. Mdogo wangu alipiga simu, akasema kila akijaribu, anaambiwa kompyuta yetu haionekani. Alitulaumu kwanza kwamba bando limeisha. Halikuwa limeisha. Akasema niizime na kuiwasha ruta. Nikafanya hivyo. Akasema labda waya umelegea.

"Dada, umeuangalia vizuri lakini?"

"Nimeuangalia."

"Hebu uangalie tena."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Msikilize mwenzio," akasema. "Yeye ndiye anayejua."

Sitaficha: siku zile nilizifurahia. Mama alianza kuniuliza mimi habari za mauzo. Tulikunywa chai pamoja tukitazama wapita njia. Lakini kila asubuhi, kabla ya chochote, aliwasha kompyuta, akakaa mbele yake, mikono mapajani. Hakuna aliyemfia, ila alikaa kama mfiwa. Niliuonea wivu hata ukimya ule, kwa sababu haukuwa wangu.

Asubuhi moja mama alikuwa kwa jirani. Nilifungua kompyuta nisome habari, ukurasa ukagoma. Simu yangu ilikuwa kwenye ruta ileile na ilisoma vizuri. Nikajaribu kurasa nyingine, zote zikagoma. Kitu pekee kilichofunguka kilikuwa dirisha la msambazaji wetu mwenye ghala mtaa wa Gerezani, ambalo mama analitumia kuangalia vitenge vilivyopo. Nikampigia mdogo wangu.

"Kuna kialama cha kufuli hapa kwenye kona," nikamwambia. "Fundi wa ghala alikuja kukiweka hivi karibuni, ili tuone mali yao."

Akapaza sauti. "Dada, hiyo ni VPN, inaipitisha kompyuta kwenye mtandao wa ghala! Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unauliza waya."

Akaniambia niizime. Nikaizima, na papo hapo mshale ukaanza kutembea. Nikaiwasha, akatupwa nje. Akanielekeza niandike amri fulani, kwanza kwa jina la mtambo ambao programu yake inautafuta, halafu kwa namba za mtambo huohuo. Kwa jina, kimya. Kwa namba, ulijibu.

"Kwa hiyo njia ipo wazi," akasema. "Tatizo ni majina. Kompyuta haijui mtu anakaa wapi mpaka iulize. Sasa hiyo VPN inailazimisha iulize ghalani tu, na ghalani hawajui jina lolote lisilo lao."

Kuizima kabisa tusingeweza, maana mama angekosa kuona mali ya ghala. Mdogo wangu naye hakuweza kuirekebisha kutoka Maskati, kwa sababu ikiwashwa tu anatoka. Nikaifunga kompyuta kwenye mfuko, nikatembea mpaka Gerezani.

Fundi wa ghala alinisikiliza akiwa anakula mihogo. Hakushangaa. Akasema mtambo wao haujibu majina ya nje kwa ajili ya usalama.

"Naweza kuweka majina ya ghala yaulizwe kwetu, mengine yote yaulizwe kwenye mtandao wenu wa kawaida," akasema. "Lakini kwangu mimi, ningewaacha hivihivi. Mtu wa nje kuingia kwenye kompyuta ya duka kila siku si salama. Unataka aendelee kuingia?"

Hakuna wa nyumbani aliyekuwa ananisikia. Ningesema hapana, nyumbani ningesema fundi amekataa, na mama angeniamini. Nilitazama vidole vya yule fundi juu ya kibodi vikisubiri.

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Aingie."

Niliporudi dukani niliwasha VPN, nikafungua dirisha la ghala, likafunguka. Nikampigia mdogo wangu kwa sauti ya spika, na muda si mrefu mshale ukaja. Mama aliruka kama msichana.

"Alhamdulillah! Mwanangu ameweza!"

"Siyo mimi, mama," mdogo wangu akasema kwenye simu. "Ni dada."

"Najua," mama akajibu, macho kwenye skrini. "Dada yako si yupo?"

Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anavyosema ukuta upo. Nikageuka nikaanza kukunja vitenge visivyohitaji kukunjwa.

Adhuhuri mama alipokwenda kuswali, nilikaa kwenye kiti chake. Mshale ulikuwa bado unafanya kazi. Ghafla ukaacha hesabu, ukafungua ukurasa mtupu, na herufi zikaanza kujiandika.

*Dada, mama anaendeleaje kweli? Mimi ananiambia mzima tu.*

Niliisogeza kibodi karibu. Kisha nikaandika kwamba goti la kushoto linamsumbua, ngazi za duka anazipanda kwa kushika ukuta, na dawa anazimeza akikumbushwa tu.

Mshale ulisimama.

*Mimi hajaniambia,* akaandika.

*Hapendi uwe na wasiwasi.*

*Wewe anakuambia?*

*Haniambii. Namwona.*

Mshale ukarudi kwenye hesabu. Nikasikia mama akipanda ngazi taratibu, nikaufuta ukurasa ule, nikamwachia kiti chake.