Mapazia ya Mirthe

Aaltje Verschoor hakuwa na subira na mtu asiyeinamisha kichwa. Madaraja ya Leiden, huko Uholanzi, ni ya chini, na mashua yake ya wazi ya kutembeza watalii ilipita chini ya madaraja hayo kwa nafasi ya kiganja. Kwa hiyo mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa akipiga ukelele ule ule: "Vichwa chini! Daraja limekaa hapa miaka mia tatu, halitakupisha wewe!" Watalii walicheka, wakainama. Aliyechelewa kuinama aliambiwa mbele ya wote kwamba ni mjinga.

Ndivyo alivyokuwa. Alisema lililomjia, tena hadharani, na katika mji ule jambo hilo huhesabiwa kuwa uungwana. Lakini heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Miaka sita nyuma, siku ya kuzaliwa ya binti yake wa pekee, Mirthe, viti vimepangwa duara sebuleni kwake kama kawaida na kila mgeni ameshika kipande chake kimoja cha keki, Aaltje alimtazama mchumba wa binti tangu viatu hadi nywele, akasema: "Huyu hakupendi wewe, Mirthe. Kaipenda nyumba." Watu wakaacha kutafuna. Mirthe akasimama, akamfungulia mama yake mlango atoke.

Mwaka haukuisha, mchumba akaondoka na baiskeli mbili na mashine ya kahawa. Hapo ndipo ugomvi ulipozidi, maana mama aliyekosea husamehewa. Aliyepatia, nani atamsamehe? Mirthe hakupiga simu. Aaltje naye, kwa kiburi chake, alingoja aombwe radhi kwa kusema kweli. Akangoja miaka sita.

Sasa basi, nyumba ya Mirthe ilitazama mfereji wa Herengracht, na mashua ya mama yake ilipita hapo mara tano kwa siku. Huko watu hawafungi mapazia. Sebule ina dirisha kubwa, na hata jioni taa zikiwaka mpita njia anaona viazi mezani. Anayejifungia, majirani hujiuliza anaficha nini. Kwa hiyo mama alimwona binti yake kila siku iendayo kwa Mungu. Alimwona akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akimwagilia maua, akisinzia na kitabu kifuani. Alijua amenunua kochi la kijani, na alilichukia. Mirthe alijua kwamba anaonwa. Hakuinua kichwa hata siku moja, lakini pazia pia hakulifunga, na Aaltje aliishi kwa hilo.

Jumanne moja ya Aprili alipita akakuta mapazia yamefungwa. Amelala, akajiambia. Jumatano yakawa bado. Amesafiri, akajiambia, ingawa baiskeli ya Mirthe ilikuwa pale pale ukutani. Usiku huo hakupata usingizi. Kama binti ni mgonjwa, nani atajua? Na kama si mgonjwa, basi amechoka kutazamwa na amemfungia mama yake hata dirisha. Hakujua lipi kati ya hayo mawili lingemuua haraka zaidi.

Alhamisi alibeba watalii kumi na mmoja. Mbele kabisa alikaa bibi mmoja wa Kiitaliano kutoka Bari, Signora Ornella, aliyeuliza kila kitu tangu walipofungua kamba, na mumewe Nunzio, ambaye hakuuliza kitu kwa kuwa hakupewa nafasi.

"Nahodha," akasema Ornella walipoingia Herengracht, "nyumba zote ziko wazi, tunaona mpaka supu. Mbona ile imefungwa? Wamefiwa?"

Aaltje akageuza macho kwenye nyumba ile. Gurudumu la mbele la ile baiskeli lilikuwa limepinda, jana hakuliona. Akazima injini.

"Ni nyumba ya binti yangu," alisema.

"Ana nini?"

"Sijui. Leo siku ya tatu."

"Siku ya tatu! Na hujaenda kugonga?"

"Sina miadi."

Ornella akamgeukia mumewe. "Nunzio, umesikia? Hana miadi. Ya kumwona mwanawe!"

"Nimesikia. Ingekuwa vizuri kama na mama yako..."

"Nyamaza, Nunzio."

"Kwetu huku huendi kwa mtu hivi hivi," Aaltje akasema kwa ukali wa mtu anayeona haya. "Unapiga simu. Anafungua kitabu chake cha miadi, anakwambia Jumapili ya wiki mbili zijazo, saa nne. Unafika saa nne, unapewa kahawa na biskuti, saa sita unaaga. Hata mama."

"Na ukiwa unakufa?"

"Unapiga simu mapema."

Mashua nzima ikaangua kicheko. Aaltje hakucheka. Ornella aliliona hilo, akashusha sauti.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi nina wanne, na wawili hawasemi nami. Naingia tu. Wananipigia kelele, nakaa, nakula. Kelele haijaua mtu. Shuka! Sisi tumelipia kutazama maji, na maji haya hapa."

Aaltje akaisogeza mashua hadi kwenye ngazi za mawe, akamtupia Nunzio kamba. "Shika hii. Ukiiachia nakutumbukiza." Kisha akapanda, magoti yakimlalamikia, akabonyeza kengele. Kimya. Akainama hadi kwenye tundu la barua la mlangoni, yeye na miaka yake sitini na sita.

"Mirthe! Ni mama. Najua sina miadi!"

Nyayo zilikuja polepole. Mlango ukafunguka kidogo, na pale gizani akasimama Mirthe na miwani ya jua, paji la uso limevimba na kuwa la zambarau.

"Shusha sauti," alisema. "Kichwa."

Alikuwa ameanguka na baiskeli Jumatatu jioni. Daktari alisema ubongo umetikisika: akae gizani wiki mbili, asisome, asitazame simu.

"Nani anakupikia?"

"Mkate upo."

"Mkate na nini?"

"Mkate na mkate."

Maneno yakamjaa Aaltje mdomoni: breki za ile baiskeli, na utu uzima usiojua kuomba msaada, na hilo kochi. Kila moja lilikuwa kweli tupu. Akayameza yote, na hajawahi kumeza kitu kigumu kama kile.

"Nilidhani umenifungia mimi," alisema mwishowe.

Mirthe alijishika kwenye fremu ya mlango. "Ningetaka kukufungia ningekufungia zamani. Siku tatu nimelala humu, saa siwezi kuitazama. Nasikia tu unavyowapigia watu kelele pale darajani. Ukipita mara ya tano najua kumekuchwa. Nilikuwa nakungoja upite, Mama."

Aaltje akalia pale pale mlangoni, mchana kweupe, watalii kumi na mmoja wakimtazama.

"Sikupaswa kusema vile siku ile mbele ya watu," alisema.

"Ulisema kweli."

"Ndiyo maana sikupaswa kuisema mbele ya watu."

Mirthe akatabasamu, kisha akakunja uso, maana hata kutabasamu kuliuma.

"Nahodha!" Nunzio akaita kutoka chini. "Kuna mashua nyingine nyuma yetu, na nahodha wake anatukana!"

"Nenda," Mirthe akasema. "Una watu."

"Nitarudi na supu. Lini?" Aaltje aliuliza bila kufikiri, kama alivyouliza kila mtu maisha yake yote.

"Kitabu kipo mezani. Mimi siwezi kusoma. Tafuta mwenyewe."

Aaltje akaingia, akakifungua kwenye mwanga mwembamba uliopenya mlangoni. Kurasa zilijaa: kwaya, daktari wa meno, mikutano ya shule, kahawa na fulani. Akafunua moja, akafunua nyingine.

"Jumapili ya pili ya mwezi ujao ipo wazi," alisema, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya furaha.

"Andika kesho."

"Kesho umeandika wazazi wa wanafunzi."

"Kata."

Akakata. Mstari ukaenda upande. Akaandika "Mama" juu yake kwa herufi kubwa.

"Saa ngapi?"

Mirthe alikuwa ameshajilaza kwenye kochi, mkono juu ya macho.

"Usiandike saa," alisema. "Njoo tu."