Nilihesabu Miti ya Jirani, Mtoto Akakosa Msaada

"Wazazi wa watoto walemavu wakipewa msaada, mtoto anageuka mtaji." Kuna mwanaume aliandika hivyo kwenye ukurasa huu juzi, na wengi mkamuunga mkono. Ndugu, huo ni upuuzi. Najua kwa sababu maneno ya namna hiyo niliyasema mimi, mbele ya mkutano wa mtaa.

Admin, nifichie jina. Nina miaka hamsini na mbili, ni mwalimu, naishi Yakobi hapa Njombe, na nimo kwenye kamati inayopitia majina ya kaya za kusaidiwa. Jirani yangu, nitamwita Mama Tulia, ni mjane. Binti yake ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Hawezi kukaa, hasemi, hubebwa mgongoni.

Jina lao liliposomwa, nilisimama. Nikasema nyumba yake ina bati, na nyuma kuna ekari nzima ya mipaina, miti ya mbao. "Huyu ndiye fukara? Sisi wenye viazi tu tuseme nini?" Watu wakacheka. Mama Tulia akasema taratibu, "Mwalimu, miti ni ya shemeji. Mimi nailinda tu isishike moto." Nikamjibu, "Basi shemeji akulishe." Wakacheka tena. Jina likakatwa. Huku kwetu tunamhesabia mtu utajiri kwa miti iliyosimama, hata isiyofika kiunoni, hata isiyo yake.

Ikabidi Mama Tulia aende mjini Makambako kufungasha viazi vya kupakiwa malori, akawa anarudi Jumamosi tu. Mtoto akabaki na bibi yake asiyeona vizuri. Asubuhi moja ya ukungu bibi alimwegemeza ukutani karibu na jiko la mkaa apate joto, akatoka kuchota maji. Nilisikia sauti ambayo siwezi kuiandika. Nilimkuta ameangukia jiko, mkono mmoja umeungua. Nikambeba hadi hospitali. Kwa mkono ule mzima alinishika kola ya shati, asiachie mpaka nesi alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Mama yake alipofika hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ni mzito, eh?"

Sasa ni miezi minne. Nikisahihisha madaftari, vidole vile vinanivuta shingoni. Nikisimama kanisani kuimba, vinavuta.

Jumanne majina yanapitiwa upya. Nataka kusimama niseme nilimsingizia. Mke wangu anasema, "Baba Eliya, ukikiri watakutoa kwenye kamati, halafu nani atamtetea? Mpelekee unga kimyakimya, yaishe." Unga nimepeleka. Hayajaisha.

Ninyi mliowahi kukosea hadharani, nishaurini: nikiri yote, au nifunge mdomo nibaki kwenye kamati nimtetee?

Ila ninyi wa mtaani kwangu mliocheka siku ile, ushauri wenu siuhitaji. Mnajijua. Jumanne mje mapema, mkae viti vya mbele, na jina la yule mtoto likisomwa mnyanyue mikono lipite.