Mlangoni na Migombani

Siku hiyo tulikuwa tunaanika maharage. Baba alikaa uani kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe, na mdogo wangu Spesioza alikuwa amekwenda migombani kukata majani. Jua la Burundi, ninavyolikumbuka, halikuwa kali; lilikuwa kama limechujwa kwenye maziwa.

Kisha mbwa wakanyamaza.

Watu waliingia na mapanga. Baba alisimama mlangoni, akatandaza mikono.

Nikaona panga likipanda. Nikamwona akianguka.

Nilitokea mlango wa nyuma. Sikugeuka.

Spesioza nilimkuta siku ya tatu, katikati ya umati uliokuwa ukielekea mpakani. Tulishikana mikono tukatembea. Baadaye sana akasema, "Baba amekufa."

"Najua," nikamjibu.

Hatukulizungumza tena.

Lori moja baada ya jingine lilitufikisha Same, kwenye shamba la mkonge lililokuwa linatafuta vibarua. Kila asubuhi Milima ya Upare ilielea juu ya ukungu, haina miguu, nami nilikata mkonge huku nikiona vilima vya kwetu. Tulipewa chumba kimoja na kitanda kimoja. Jirani yetu, Mama Nakundwa, aliyeshuka kutoka Bombo kutafuta kibarua, alituletea makande siku ya kwanza na hakutuuliza lolote.

Mwaka wa tatu shamba liliuzwa, na mwenye mali mpya akataka kila kibarua awe na karatasi. Tukaomba hifadhi ya ukimbizi serikalini. Kamati ilituhoji mmoja mmoja. Mimi waliniuliza baba alifia wapi, nikasema mlangoni.

Barua ilipokuja, ilisema hatuaminiki na tuondoke nchini. Mama Nakundwa alitupeleka kwa mwanasheria mmoja wa Moshi aliyekuwa akisaidia watu kanisani kwao. Aliisoma barua polepole.

"Mmoja wenu amesema mlangoni, mwingine migombani," akasema. "Msiniambie lolote sasa. Wala ninyi wenyewe msiambiane, wasije wakasema mmepanga."

Nilimtazama Spesioza. Alikuwa akitazama dirishani. Nilidhani hofu ilimchanganya.

Mahakamani tulivaa magauni ya mitumba aliyotuchagulia Mama Nakundwa. Nilitarajia jaji atuulize. Hakutuuliza. Alisoma kwa sauti ya chini, na feni ikawa inayachukua maneno na kuyarudisha.

"Mahakama hii haisemi kwamba hawa dada wawili ni wakweli. Hiyo si kazi yake. Inasema kamati iliona majibu mawili tofauti, ikawaita waongo bila kuwauliza kwa nini yanatofautiana. Uamuzi unafutwa. Wasikilizwe upya."

Mama Nakundwa alilia. Mimi nilijiona kama niko chini ya maji.

Safari hii kamati ilituketisha pamoja. Mwenyekiti, mzee mpole, alimgeukia Spesioza. "Dada yako aliona baba akianguka mlangoni. Wewe unasema alifia migombani. Tueleze, binti."

Spesioza aliongea huku akitazama mikono yake.

"Alikuja akitambaa. Nilikuwa nimejificha kwenye majani. Aliniuliza kama dada ametoka. Nikamwambia ametoka, ingawa sikujua. Nilikaa naye. Alikata roho jioni."

Mwenyekiti aliandika, akafunga jalada.

Nje, kwenye ngazi, nilimwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema unajua."

Karatasi tulipewa. Spesioza sasa analima mpunga Ndungu na ana wajukuu. Mimi nimezeekea Bombo, kwenye kiwanja alichotukatia Mama Nakundwa kabla hajafariki. Watu wakinisifu kwamba tulishinda kesi, naitikia. Lakini nilipokimbia baba alikuwa hai, na alikuwa akinitafuta. Kosa ambalo jaji aliliona kwa kamati ni kutouliza. Mimi nililala kitanda kimoja na mdogo wangu miaka mitatu, nami sikumwuliza.