Mama Elvire na Malaika Wake Wengi

"Jirani, kila mwaka unaendaka retrete, na kila mwaka unarudiaka na harufu ya maharagi. Sasa niambie, huyu Mungu wenu anakukutaka wapi?"

Ndivyo Kaltum alivyomuuliza Elvire siku moja, akiwa anaanika nguo upande wake wa ua, kule mtaa wa Gasenyi, Bujumbura. Hakuuliza kwa ubaya. Kaltum ni mwanamke wa swala tano, mume wake ana duka la vitambaa mtaa wa Asiatique, na kwake yeye ibada haina maneno mengi: saa ikifika unatawadha, unatandika mkeka, dunia inasubiri. Alitaka kujua tu.

Elvire aliacha vyombo alivyokuwa anafuta. Akaingia ndani, akakaa kitandani na kitambaa cha vyombo mkononi.

Kwa maana ilikuwa kweli. Elvire ni mjane wa marehemu Rénovat, anauza mawese na chumvi sokoni Kamenge, na kikundi cha maombi alikiingia tangu watoto wake wakibebwa mgongoni. Kila mwaka kikundi hupanda kilimani, kwenye nyumba ya masista, kufanya mafungo, ndiyo hiyo retrete: siku chache za mafundisho, nyimbo na ukimya. Kila mwaka Elvire alipanda nao, na masufuria. Wenzake wakifundishwa habari ya Abrahamu, yeye alikuwa anachambua maharagi. Wenzake wakilia kwa kuguswa na Roho, yeye pia alilia, lakini ya kwake yalikuwa machozi ya moshi. Watu walishuka mjini nyuso zinang'aa. Elvire alishuka na masufuria yanang'aa.

Tena kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Tangu Rénovat azikwe, hakuwahi kumwambia Mungu neno lake mwenyewe. Rozari alisali, nyimbo aliimba, Baba Yetu alimaliza mpaka amina. Lakini lile neno la ndani lilikwama kama mwiba wa samaki kooni, halipandi, halishuki.

Basi mwaka huu akamwendea Népomuscène, kiongozi wa kikundi, mwalimu mstaafu mwenye sauti inayoamsha hata waliolala mahubirini.

"Ndugu, mwaka huu mi nakwenda kama mutu wa retrete. Apana kama mupishi."

Népomuscène alivua miwani. "Na nani atapika?"

"Yesu alilisha watu elfu tano, na mi sikukuwako."

Mwalimu akavaa miwani tena. Jiko likapewa Lisette, binti anayeuza naye meza moja sokoni, na Elvire akapanda kilimani na Biblia, kitenge cha kujifunika, na mikono mitupu.

Sasa, kikundi hiki kina desturi yake inayoitwa malaika wa siri. Siku ya kwanza kila mtu anachagua kimoyomoyo mwenzake mmoja, yule anayemwona ana shida kuliko wote, na mafungo yote anamhudumia na kumwombea bila kumwambia mtu, hata mwenyewe anayehudumiwa. Mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia. Népomuscène aliieleza vizuri sana. Elvire hakuisikia. Alikuwa ametoka kidogo tu kumwambia Lisette asitie chumvi kabla maharagi hayajalainika. Na kwa vile miaka yote alikuwa jikoni, hakujua kwamba kuna desturi kama hiyo duniani.

Aliporudi alikaa kiti cha mbele, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana hakujua mikono aiweke wapi. Haikuzoea kukaa bure. Akaiweka magotini, ikaonekana kama ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Akashusha pumzi ndefu.

Térence, karani wa serikali, alimtazama akasema moyoni: huyu mama hapiki, mtu hawezi kuacha kupika hivi hivi, lazima anaumwa. Christa, anayesomea uuguzi, aliisikia ile pumzi akasema moyoni: ni moyo huo. Eddy, dereva wa pikipiki, mtu mkubwa kama kabati, naye alisema moyoni: maskini, ni upweke wa ujane. Hata mzee Libère, aliyekuja na jino lililovimbisha shavu kama andazi, alilisahau jino lake akamhurumia Elvire. Kwa kifupi, walimchagua wote. Na kila mmoja alimshukuru Mungu kwa kumfunulia yeye peke yake.

Asubuhi Elvire aliamka akakuta bakuli la uji mlangoni. Akashukuru, akanywa. Kufungua mlango kurudisha bakuli, akakuta jingine. Kulelewa ni kulelewa, uji haumwagwi, akanywa. La tatu lilimkuta njiani. Alifika kwenye somo anatembea polepole kama mama mjamzito, na wote waliomwona wakapeana macho: mnaona anavyotembea?

Somo lilikuwa la imani. Elvire alifungua Biblia, akakaza masikio. Hili ndilo alilokuja kutafuta.

"Imani, ndugu zangu," alianza Népomuscène, "siyo kujua njia. Abrahamu aliambiwa toka, akatoka, hakujua anakokwenda!"

Hapo hapo kiti cha Elvire kikainuka, yeye akiwa juu yake. Térence alikuwa ameona upepo wa dirishani unampiga.

"Ndugu Térence, unanipeleka wapi?"

Térence aliweka kidole mdomoni, akamtua karibu na ukuta. Christa akaona pale pana jua, akamsogeza nyuma. Mama mmoja wa kwaya akaona nyuma hasikii vizuri, akamsogeza pembeni. Eddy akaona pembeni hakuna hewa. Eddy hakusogeza, alibeba. Abrahamu alipofika nchi ya ahadi, Elvire alikuwa nje kabisa, chini ya tangi la maji, na mablanketi matatu magotini, moja la bluu, katika joto la Bujumbura.

Mchana ikawa ni kuoshana miguu. Ni ibada ya kufundisha unyenyekevu, na kawaida kila mtu huoshwa mara moja. Elvire alioshwa na Christa, akajifuta. Akaoshwa na Térence. Akaoshwa na Eddy, ambaye alilia mpaka maji ya beseni yakaongezeka. Jioni miguu yake ilikuwa safi kuliko ya bibi arusi, imekunjamana kama ya mtu aliyelima mpunga, na viatu havikuonekana. Mtu alikuwa ameviosha na kuvianika juu ya paa.

Akaenda pekupeku mpaka jikoni.

"Lisette, mwanangu, niambie kweli. Mi niko mugonjwa?"

Lisette aliacha kukoroga. "Mama, mi sijui. Lakini wote wamekuja moja moja kunikataza nisikupe pilipili."

"Wote?"

"Hata mzee Libère. Alisema na mukono tu, jino halikumuachia kusema."

Elvire akakaa juu ya gunia la makaa. Watu wa maombi hawafanyi hivyo bila sababu. Watu wa maombi hufunuliwa.

"Basi ni kufa," alisema taratibu. "Mungu amewaambia wote. Mi peke yangu ndiye hakuniambia."

"Yoo, mama, usiseme vile! Labda wanakupenda tu."

"Wananipenda tangu lini? Miaka yote wananipenda na hakuna aliyenioshea hata kisahani."

Kilichomtisha hakikuwa kifo. Rénovat alikwenda, naye atakwenda. Kilichomtisha ni kwamba atafika mbele ya Bwana na lile neno bado limekwama kooni, ahesabiwe mtu aliyekuja na masufuria tu.

Siku iliyofuata somo lilikuwa la ibada, na safari hii Elvire alishika nguzo kwa mkono mmoja ili wasimhamishe. Akasikia sentensi moja nzima. Népomuscène alisema, "Kuabudu siyo kelele. Ni kukaa mbele ya Mungu na mikono mitupu, wewe na Yeye, umwache akutazame." Elvire aliitazama mikono yake. Sentensi ya pili hakuisikia, Christa alikuwa anampima mapigo ya moyo. Lakini ile moja ilimtosha.

Baada ya chakula, wengine wakienda kupumzika, alipenya mpaka kwenye kapela ndogo ya masista. Hakuona mtu. Akapiga magoti mbele. Akafungua mikono.

"Bwana..." alianza.

Mlango ukalia. Ni Térence, amebeba mto wa kumwekea magotini. Alipomwona anasali akaogopa kujulikana, akajificha nyuma ya benchi. Mlango ukalia tena. Ni Christa na glasi ya maji. Kusikia hatua nyuma yake akajibanza nyuma ya pazia. Eddy akaja na feni ya kuazima, akalala chini kati ya mabenchi, miguu ikabaki nje. Mzee Libère alikwisha kuwamo tangu mwanzo: aliingia kumwombea, akasikia mtu anakuja, akajifungia katika kibanda cha kitubio, pale padri anapoungamishia watu. Wakaja wanakwaya. Wakajaa kila kona, kila mmoja akijua yuko peke yake na mama mgonjwa, akishangaa kapela hii inavyopumua.

Elvire naye alisikia pumzi.

"Nani yuko hapo?"

Malaika wa siri hasemi.

"Bwana," aliuliza kwa sauti ndogo, "ni Weye?"

Katika kibanda cha kitubio mtu akapiga chafya.

Elvire aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Basi, kama umekuja kunichukua, nichukue. Lakini niache kwanza nikuambie kitu kimoja..."

Hapo Eddy hakuweza tena. Alilia kwa sauti, kule chini ya mabenchi. Pazia likalia. Kwaya yote ikalia. "Usife, mama!" walipiga kelele wakitoka kila upande, na mto, na glasi, na feni, wakagongana katikati, wakatazamana.

"We Térence, unafanya nini hapa?"

"Mi niko malaika wake! Na weye?"

"Malaika wake ni mi! Nilimuchagua tangu siku ya kwanza!"

"Siku ya kwanza saa gani? Mi nilimuchagua kabla ya wimbo!"

"Kumbe mulimuchagua wote?" ilisema sauti nene kutoka kitubioni. "Sasa jino langu liliombewa na nani?"

Hakuombewa na mtu.

Népomuscène alikuja mbio kwa zile kelele, akaeleza mambo yote upya, taratibu, kama anavyofundisha watoto wa darasa la kwanza. Elvire alisikiliza akiwa bado amepiga magoti.

"Kwa hiyo sifi?"

"Hufi, mama. Tulikuona umekaa bila kazi, tukafikiri ni ugonjwa." Mwalimu akasafisha koo, akatazama chini. "Hata mi nilikuchagua. Lile blanketi la bluu ni la kwangu."

Elvire alianza kucheka, na wote wakacheka, na Eddy akaendelea kulia kwa sababu alikuwa amekwisha kuanza. Kisha Népomuscène akamwinamia.

"Mama Elvire, tumekuchosha. Sasa tuambie weye mwenyewe, unataka tukufanyie nini?"

Elvire aliwatazama mmoja mmoja, kwa upendo. Akafunga kitenge vizuri begani.

"Mutoke inje wote, na mufunge mulango. Mutu asirudi mpaka nifungue mi mwenyewe. Na weye pia, mzee Libère, toka mule ndani."