Mlowezi ni Nani

Emelyne anafundisha historia darasa la sita, katika shule moja ya Kawajense, Mpanda. Jumatatu moja alikuwa akieleza maneno ya ukoloni. Alipofika kwenye mlowezi akasema, "Ni mtu aliyetoka kwao, akaja kukaa kwenye ardhi ya watu, akaifanya yake. Kama wazungu waliojitwalia mashamba."

Mwanafunzi mmoja, Rahel, akanyoosha kidole. "Ticha, kumbe mama yako ni mlowezi? Gari la matangazo limesema walowezi wa Burundi wakajiandikishe."

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Emelyne alipoogopa.

Mama yake, Paskalia, alivushwa mpaka wa Burundi akiwa mdogo, mgongoni kwa shangazi yake aliyekimbia mauaji, mwaka wa sabini na mbili. Akakulia kambini, akaolewa Mishamo. Wakimbizi wenzake walipopewa uraia wa Tanzania yeye alikuwa mbali, akiuguza ndugu. Akabaki hivyo hivyo, bila uraia. Jioni Emelyne alimkuta uani akimenya mihogo.

"Wanatuita walowezi," mama alisema. "Ndiyo nini?"

Emelyne akachukua kisu, akamsaidia kumenya. "Watu waliokaa muda mrefu, mama."

"Basi ni neno zuri."

Paskalia akawa anajitambulisha hivyo kila mahali. "Mimi mlowezi wa siku nyingi," alimwambia Zubeda, jirani mwenye duka. Zubeda alimpa chumvi bila kumtazama, na tangu siku ile hakumwita tena dada. Kijiweni vijana wa bodaboda wakawa wanasema walowezi wamejaza mashamba.

Kisha asubuhi moja Paskalia alikuta mihogo yake yote shambani imeng'olewa, imeachwa palepale inanyauka. Mwizi angeibeba.

Emelyne akamweleza mama maana halisi ya lile neno. Paskalia akauliza, "Mimi nimemnyang'anya nani?" Akaongeza kwa sauti ya chini, "Hata kule kwetu walianza kwa kutubadilishia jina."

Emelyne akaenda moja kwa moja dukani kwa Zubeda. "Mama Nassib, wewe unatufahamu. Waambie watu mama yangu si mkoloni."

Zubeda aliendelea kupanga sabuni. "Mwalimu, Nassib wangu alirudi shuleni akatueleza mlowezi ni nani. Amesema wewe ndiye uliyewafundisha."

Emelyne akatoka dukani. Aliporudi nyumbani, mama alikuwa amefunga nguo zake ndani ya kitenge, ameziweka mlangoni. Hakuwa na pa kwenda. Lakini mzigo ule mpaka leo haujafunguliwa, na Paskalia hula amekaa kando yake, amevaa viatu.