Ukoka wa Bibi na Safari ya Mikumi

Enzi zetu pale Kilosa, nyasi za uwanja hazikuletwa na lori. Zililetwa na sisi wanafunzi, kichwani, kwenye beseni. Kila mwaka sherehe za wakulima zikiisha uwanja ulibaki kipara: ng'ombe wa maonyesho wameula, wacheza ngoma wameukanyaga, wachoma mishikaki wameuunguza. Basi mwalimu mkuu anatangaza mstarini: kila mtoto kipande cha ukoka, kila darasa na eneo lake.

Mwaka niliokuwa darasa la tano akaongeza jambo. Darasa ambalo ukoka wake utashika vizuri kuliko yote litapelekwa Mikumi kuona tembo. Jamani! Tembo nilikuwa namjua kwenye kitabu tu, tena kitabu chenyewe kimechanika palepale penye mkonga. Nikasema hata kwa magoti, Mikumi nafika.

Sasa Agosti ile ukame mtupu, ukoka utautoa wapi? Wa kijani ulikuwa mmoja tu, wa bibi yangu mzaa mama, nyumbani kwake nyuma ya uwanja. Mbegu aliitoa Berega kwa dada yake, kaifunga kwenye kanga, na kila akiumwagilia alikuwa anauzungumzisha. Alipokwenda msibani Chanzuru siku mbili, darasa la tano tukauhamisha wote kwa majembe. Tukaacha kiraka kidogo mlangoni, eti asishtuke.

Alishtuka. Akaja uwanjani, akapita eneo hadi eneo akiinama, akafika kwetu, akasema, "Huu hapa." Akatandika mkeka, akakaa.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Shikamoo bibi. Hapa ni uwanja wa serikali."

"Marahaba mwanangu. Uwanja wa serikali, ukoka wangu. Ondoa uwanja wako."

Wiki tatu bibi alishinda pale. Alimenya mihogo pale, alipokea wageni pale, na sisi tukamchotea maji mto Mkondoa huku akitukaripia kwamba tunamwaga kama tunazima moto. Mbuzi wakisogea, anawarushia kandambili. Siku ya mechi kona zilipigwa kwa kumzunguka, na refa hakupuliza filimbi kabla ya kumwamkia. Ukoka ulishika huo! Wa madarasa mengine ulikauka wote.

Tukashinda. Siku ya safari bibi akatokea na kanga mpya na chupa ya chai, akapanda lori. Mwalimu akahesabu, mmoja amezidi. Bibi akanitazama. "Aliyeng'oa ashuke." Tuling'oa darasa zima, lakini mjukuu wake nilikuwa mimi peke yangu. Nikashuka. Nililia mpaka kwikwi.

Aliporudi hakunipa pole. Alishika pua kwa mkono mmoja, wa pili akaupitisha katikati ukawa mkonga, akazunguka chumba kizima akipuliza na kutingisha makalio, mwanamke wa umri ule, mpaka akaangusha sufuria la uji. Nilicheka nikasahau kwamba nimenuna.

Siku hizi ukoka unakuja umekunjwa kama godoro. Vijana wawili wanautandaza, saa sita wamemaliza, wanajipiga picha. Waulize umetoka wapi: "Kwa mkandarasi, mama." Basi. Wajukuu zangu nao wamemwona tembo kwenye simu kabla hawajaota meno. Mimi Mikumi nimepita kwa basi mara nyingi, na tembo nimewaona wengi, wamesimama kando ya lami. Wazuri, sikatai. Ila hakuna hata mmoja anayemfikia bibi.